Tuwafunze vijana kuusoma mnada kabla ya kutaja bei

Neno 'mnada' ni miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka kwa Kiarabu, na kiini chake ni kuita au kutangaza kwa sauti. Mnadi ni mwenye kupaza sauti. Kunadi ni kuitangaza bidhaa mbele ya watu ili kila aitakaye ataje bei yake. Hata neno 'zabuni', ambalo siku hizi limekuwa mateka wa makabrasha ya serikali na wanakandarasi, katika kamusi za zamani lilikuwa kitenzi cha mnadani: kuzabuni ni kutaja bei ya kushindana na ya mwenzio. Maneno haya yote yanachukulia kwamba wahusika wamekutana mahali pamoja, wanaonana na kusikilizana.

Mnada wa magari ya leo umenyamaza. Mfanyabiashara huketi Mombasa au Nairobi saa kumi za alfajiri, wakati ambapo Japani ni saa nne asubuhi, akitazama kioo cha tarakilishi. Gari analolitaka hajaligusa. Injini yake hajaisikia. Mpinzani wake hamwoni wala hajui kama wapo wawili au ishirini. Alicho nacho ni picha chache, ukurasa mmoja wa maandishi asiyoweza kuyasoma, na hamu ya kushinda.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hasara nyingi za mnada wa namna hii hazitokani na nuksi wala uzito wa kidole. Zinatokana na kutojua kusoma: kusoma karatasi ya mnada, kusoma hesabu, na kusoma maana ya ushindi wenyewe. Na maadamu kusoma ndiyo kazi yetu sisi walimu, jambo hili linatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Yamkini yupo msomaji atakayeuliza: magari ya mitumba na darasa vina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena wa karibu. Kila mwaka tunawakabidhi vijana shahada zao na kuwaambia wajiajiri. Baadhi yao, wakiwa na fedha za mauzo ya kipande cha shamba la mzee au mkopo wa chama, huingia katika biashara ya kuagiza magari. Aidha, walimu wenyewe ni wateja wakubwa wa soko hilo. Mwalimu huchukua mkopo wa sacco, akakubali kukatwa mshahara kwa miaka mitatu au minne, ili apate kigari cha kumfikisha kazini. Kosa la dakika moja katika mnada wa Japani laweza kula karo ya mtoto kwa miaka kadhaa.

Si kwamba sisi Wakenya ni wageni wa mnada. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na tangu mwaka 2020 mauzo yake yameingizwa katika mitambo ya kielektroniki. Maua yetu ya Naivasha yameuzwa kwa miaka mingi katika mnada wa Aalsmeer nchini Uholanzi, ambako saa kubwa huanza na bei ya juu na kuishusha hadi mnunuzi wa kwanza aisimamishe. Lakini katika chai na maua sisi ni wauzaji. Katika magari tumekaa upande wa pili wa meza, upande wa anayelipa, na upande huo una elimu yake.

Tuanze na jinsi mnada wenyewe unavyoendeshwa. Japani ina makampuni makubwa ya minada, na kubwa kuliko yote ni USS, ambayo ukumbi wake wa Tokyo kwa hakika uko Noda, katika mkoa wa Chiba. Maelfu ya magari hupitishwa hapo kwa siku moja. Gari moja huchukua muda usiofika hata dakika. Wanunuzi hawapazi sauti. Hubonyeza kitufe, na kila mbonyezo hupandisha bei kwa hatua ndogo ya maelfu machache ya yeni. Kununua bila kuwapo ukumbini nako si jambo la jana. Mwaka 1985, kabla ya wengi wetu kuusikia mtandao, kampuni ya Aucnet ilianzisha huko mnada wa magari kwa njia ya televisheni.

Minada hii ni ya wenye biashara tu. Ili uruhusiwe kununua sharti uwe mwanachama, na uwe na leseni ya Japani ya kuuza bidhaa zilizotumika. Kwa hiyo Mkenya hununua kwa kupitia wakala aliye na leseni hiyo. Yeye hutuma amana, huchagua magari katika orodha, humtajia wakala bei ya juu kabisa ambayo yuko tayari kulipa, kisha hungoja. Nitaiita bei hiyo 'kikomo', nayo bei ya siri ambayo muuzaji hakubali kushuka chini yake nitaiita 'kizuizi'. Bei ikikosa kufika kwenye kizuizi, gari haliuzwi. Wajapani husema gari hilo 'limetiririka', kwa kitenzi kile kile watumiacho kwa maji ya mto.

Sasa tuje kwenye karatasi ya mnada. Kila gari hukaguliwa na mkaguzi wa kampuni ya mnada, si wa muuzaji, naye huandika ripoti katika ukurasa mmoja. Juu huwekwa alama ya jumla. Gari lenye 4.5 ni safi sana, la 4 ni zuri, la 3.5 lina kasoro za kuonekana, na lenye R au RA lilikarabatiwa baada ya kuumia. Chini huwa na mchoro wa gari uliojaa herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo na U ni mbonyeo. A1 ni mdogo, A3 ni mkubwa. W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. X ni sehemu inayohitaji kubadilishwa, na XX ni iliyokwisha kubadilishwa. Kando yake ndipo mkaguzi anapoandika kwa mkono, kwa Kijapani, yale ambayo herufi haziwezi kuyasema.

Huu ni mfumo wa lugha kamili, wenye msamiati wake, sarufi yake na hata lahaja zake, kwa sababu alama ya 4 ya kampuni moja ya mnada si lazima iwe sawa na 4 ya kampuni nyingine. Asiyeijua lugha hii amekubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia, ilhali maelezo ya mbuzi huyo yameandikwa juu ya gunia lenyewe.

Mwanafunzi wangu wa zamani aliyejitosa katika biashara hii aliwahi kuniletea karatasi moja ya mnada pamoja na tafsiri aliyotumiwa na wakala wake. Tafsiri, kwa Kiswahili, ilikuwa ya maneno manne tu: 'Gari zuri, halijapata ajali.' Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari sita ya mwandiko wa mkaguzi. Tulimtafuta mtu asomaye Kijapani atufafanulie. Tukaambiwa kwamba sehemu ya chini ya gari ilikuwa na kutu, mlango mmoja ulikuwa umebadilishwa, na gari lilikuwa likiuzwa kama lilivyo, yaani bila haki ya mnunuzi kulalamika baadaye. Wakati huo gari lilikuwa limekwisha lipiwa na liko baharini.

Je, wakala alidanganya? Hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Katika karatasi hizo kuna istilahi moja muhimu, 'shufukureki', ambayo maana yake ya kawaida ni historia ya kukarabatiwa. Katika biashara ya magari ya Japani istilahi hiyo imepewa mipaka maalumu: huhesabiwa tu ukarabati uliogusa kiunzi cha gari, yaani ile mifupa inayolishikilia. Mlango, boneti au bampa ikibadilishwa, hata kama ni baada ya kugongwa, gari bado husemwa halina historia hiyo. Wakala akiitafsiri kwa kusema 'halijapata ajali', atakuwa ametaja neno ambalo kwa mteja wa Kenya lina maana pana kuliko asilia. Kila mmoja amesema kweli katika lugha yake, na fedha zimepotea katikati.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alichapisha makala mashuhuri juu ya soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba muuzaji anapojua hali ya gari kuliko mnunuzi, mnunuzi hutoa bei ya wastani kwa kuhofia ubovu, wenye magari mazuri huyaondoa sokoni kwa sababu bei hiyo haiwatoshi, na mabovu ndiyo hubakia. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliotunukiwa tuzo ya Nobel kwa utafiti wa namna hiyo. Karatasi ya mnada ni dawa waliyoitunga Wajapani kwa ugonjwa huo huo. Lakini dawa isiyosomeka haimponyi mgonjwa.

Tuchukulie sasa kwamba mnunuzi wetu amejifunza kusoma karatasi. Je, yu salama? Bado. Liko tatizo la pili ambalo wataalamu huliita laana ya mshindi. Wa kwanza kulieleza kwa uwazi walikuwa wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, ambao mwaka 1971 walijaribu kueleza kwa nini makampuni yaliyoshinda zabuni za kuchimba mafuta katika Ghuba ya Mexico yalikuwa yakipata faida duni.

Fikiria wafanyabiashara kumi wanaligombania gari moja ambalo thamani yake halisi ni shilingi 500,000. Hakuna aijuaye thamani hiyo. Kila mmoja anakisia. Mmoja anakisia 420,000, mwingine 480,000, mwingine 530,000, na wa juu kabisa 590,000. Wastani wa makisio yao waweza kuwa sahihi kabisa. Lakini anayeshinda mnada si mwenye wastani. Anayeshinda ni yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu, naye atalipa kidogo kupita kile alichokisia wa pili wake, tuseme 570,000. Washindani wake tisa wanarudi nyumbani na fedha zao. Yeye anarudi na gari na hasara ya shilingi 70,000. Kushinda kwenyewe ni habari mbaya: kunamwambia kwamba watu tisa wenye ujuzi kama wake wameliona gari hilo kuwa halistahili bei hiyo.

Jambo hili linaweza kufundishwa katika darasa lolote, hata lisilo na umeme. Mwaka 1983 Max Bazerman na William Samuelson walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa biashara wa Chuo Kikuu cha Boston. Waliwaonyesha mitungi iliyojaa sarafu na vitu vingine vidogo, kila mmoja ukiwa na thamani ya dola 8, wakaipiga mnada. Wastani wa makisio ya wanafunzi ulikuwa dola 5.13, maana yake walikuwa waoga na waangalifu. Hata hivyo wastani wa bei iliyoshinda ulikuwa dola 10.01. Darasa lililokisia chini ya thamani lilimtoa mshindi aliyelipa juu ya thamani! Mwalimu wa hisabati anaweza kulirudia jaribio hili kwa chupa ya maharagwe, na wanafunzi wake wasilisahau maishani.

Kinga ya laana hii ni nini? Ni kupunguza. Mfanyabiashara mwenye busara hukisia thamani, kisha hushuka chini ya makisio yake, na kadiri washindani wanavyokuwa wengi ndivyo anavyozidi kushuka. Wengi hufanya kinyume: wakiona gari linagombaniwa na wengi huamini kwamba lazima lina kitu, wakapanda nalo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Msingi wa kupanga kikomo ni kuanza hesabu kutoka mwisho. Nitatoa mfano, na nambari zake ni za kuelezea tu. Tuseme gari la aina fulani huuzwa katika yadi za Nairobi kwa shilingi 1,800,000. Ondoa ushuru na kodi, tuseme 700,000. Ondoa nauli ya meli na bima, 250,000. Ondoa ukaguzi, gharama za bandari na ada ya wakala, 100,000. Ondoa riba ya mkopo pamoja na faida yako, 200,000. Kinachobakia ni 550,000. Sasa ondoa 40,000 kwa ajili ya laana ya mshindi. Kikomo chako ni 510,000, basi. Hesabu hii hufanywa mchana, kwenye karatasi, kabla ya mnada, na mtu aliyelala vizuri.

Wapo wanaodhani kwamba gari likipatikana kwa bei ya chini Japani, kodi nayo itashuka. Sivyo. Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, hukadiria thamani ya gari lililotumika kwa kufuata orodha yake ya bei na kuipunguza kulingana na umri wa gari, si kwa kufuata risiti ya mnada. Juu ya thamani hiyo ndipo panapohesabiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Wengine hulalamikia utaratibu huu, lakini kwa mzabuni una manufaa moja: kodi ni nambari inayoweza kujulikana kabla ya kutaja bei. Asiyeitafuta hana wa kumlaumu.

Thamani ya fedha haitabiriki hivyo. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu shilingi 130. Aliyelipa magari Januari alishindana yadini na aliyelipa Aprili, na magari yao yalikuwa ya aina moja. Kikomo kisichoacha nafasi ya mabadiliko kama hayo ni kikomo cha mtu anayebahatisha.

Kalenda nayo ina mtego wake. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na kila ifikapo Januari mosi mwaka mmoja wa magari hufungiwa mlango. Mgeni wa biashara akiyaona magari ya mwaka huo yakiuzwa rahisi mwezi Novemba hudhani ameokota dodo chini ya mnazi. Wenye uzoefu wameyaacha kwa sababu safari ya bahari hadi Mombasa huchukua wiki kadhaa, na gari litakalochelewa kufika ni mzigo usioingia nchini. Rahisi huwa ghali.

Na je, hizo mbinu za ujanja zinazosifiwa vijiweni? Nyingi ni hadithi. Kijana atakuambia kwamba siri ni kungoja hadi sekunde ya mwisho ndipo ubonyeze. Mbinu hiyo ilitokana na minada ya mtandao yenye saa maalumu ya kufungwa. Mwaka 2002 Alvin Roth na Axel Ockenfels walionyesha kwamba wanunuzi wa eBay, ambako mnada hufungwa saa iliyopangwa, walirundika bei zao dakika za mwisho, ilhali katika minada ya Amazon ya wakati huo, ambako bei mpya ya mwishoni iliongeza muda, tabia hiyo ilikuwa chache. Mnada wa Japani hauna sekunde ya mwisho. Huendelea maadamu kuna wawili wanaobonyeza, na hukoma anapobakia mmoja. Wepesi wa kidole hapo hausaidii kitu.

Ziko mbinu halali, nazo ni za kawaida mno hata hazivutii kusimuliwa. Usiweke kikomo kwenye nambari ya mviringo, kwa kuwa wengi husimama pale pale. Aliyeandika yeni 503,000 humpita aliyeandika 500,000 kwa gharama ndogo. Gari likitiririka bila kuuzwa, mwambie wakala aulizie kwa mazungumzo, kwani muuzaji aliyekosa mnunuzi mara nyingi hulegea. Weka kikomo kwa magari kadhaa yanayofanana badala ya kupenda moja. Na ukumbuke alichokionyesha William Vickrey mwaka 1961, yaani kwamba katika mnada ambao mshindi hulipa kulingana na bei ya wa pili wake, mtu aijuaye thamani ya kitu kwake hana sababu ya kuificha kwa hila. Aandike bei anayoiamini, kisha aondoke.

Kuondoka ndiko kugumu. Mtu akikosa gari mara ya kwanza huvumilia. Akikosa mara ya kumi, amana yake imelala kwa wakala, yadi iko tupu, na mwenye nyumba anadai kodi. Ifikapo mara ya kumi na tano hasira humjia na kumnong'onezea: ongeza kidogo tu. Anaongeza kidogo, mara nyingine kidogo, na ile hesabu ya mchana inachanwa usiku. Siku hiyo hushinda, na mara nyingi hiyo ndiyo siku ya hasara. Laiti angejua kwamba kulikosa gari lililopita kikomo ni akiba! Mara zote kumi na nne alizokosa, kikomo kilikuwa kikimlinda.

Sisemi kwamba lawama zote ni za mnunuzi. Wakala hulipwa ada gari linaponunuliwa, halipwi kwa kukushauri uliache. Isitoshe, wakala mmoja anaweza kuwa na wateja wawili wanaolitaka gari moja, na wote wamemtajia vikomo vyao. Kwa sababu hiyo mteja ana haki ya kudai mambo matatu kabla ya kutuma hata shilingi: nakala ya karatasi asilia ya mnada na si muhtasari wake, tafsiri ya kila mstari ulioandikwa na mkaguzi, na ada iliyoandikwa wazi katika mkataba, pamoja na kauli ya jinsi wakala anavyoamua wateja wake wanapogongana. Wakala mwaminifu hataona tabu. Anayeona tabu amekwisha kujibu swali.

Lakini madai hayo hayawezi kutolewa na mtu asiyejua cha kudai, na hapo ndipo narudi kwa wenzangu walimu. Tunafundisha ufahamu kwa vifungu juu ya usafi na uhifadhi wa misitu, ni vyema. Kwa nini tusiongeze karatasi ya mnada, mkataba wa mkopo, au masharti ya bima? Tunafundisha tafsiri vyuoni kwa kutumia mashairi na hotuba. Kwa nini mwanafunzi asipewe neno 'shufukureki' na kuombwa alitafutie Kiswahili kisichomtia mtu hasarani? Mimi ningesema 'ukarabati wa kiunzi', lakini naamini yupo mwanafunzi atakayepata lililo bora zaidi. Somo la hisabati nalo lina asilimia, wastani na makadirio, na yote matatu yanakutana katika chupa moja ya maharagwe.

Wanaisimu nao tuna deni. Biashara hii imekuwapo kwetu kwa miaka mingi, na bado msamiati wake umeachwa uzungumzwe kwa Kiingereza nusu na Kijapani robo. Mteja asiye na neno la jambo ni vigumu kuliuliza. Kikomo, kizuizi, karatasi ya mnada, laana ya mshindi: haya si maneno makubwa, na wala si lazima yawe haya. La muhimu ni kwamba yawepo, yaingie magazetini na madarasani, ili fundi, karani na mkulima wayatumie bila kuomba mkalimani.

Zamani mnunuzi aliyesimama mbele ya mnadi alikuwa na macho ya kuona bidhaa na masikio ya kusikia wapinzani wake. Mtandao umemnyang'anya vyote viwili na kumwachia maandishi na nambari. Kijana tuliyemfundisha kuyasoma hayo ataketi mbele ya kioo alfajiri, aone bei imepita kikomo chake, azime tarakilishi na kwenda kulala. Kijana huyo hatakuwa na gari siku hiyo, lakini shamba la babake litakuwa bado lipo.